Uza bati, usiuze cherehani

Juzi nimepata ujumbe kutoka Wete, Pemba. Aliyeandika ni fundi wa kushona kama mimi, na mume wa shoga yake kalazwa Mnazi Mmoja, huku Unguja. “Da, nimechanganyikiwa. Niuze cherehani au nikodishe mikarafuu niliyorithi kwa baba?” Hakuuliza kama asaidie au asisaidie. Hilo alishalimaliza moyoni, na ndiyo maana nimempenda bila ya kumjua.

Nitamjibu, lakini kwanza nieleze yangu, maana wanaoshauri bila ya kukutwa na jambo ni wengi.

Machi 2020 mahoteli yalipofungwa kwa korona, mashoga zangu wawili walirudi mjini na mabegi yao. Mmoja alikuwa dobi Kiwengwa, mwengine mapokezi Nungwi. Tumesoma chuo kimoja, tumeazimana mabaibui tangu usichana. Mishahara yao ilisita, na Aprili Ramadhani ikaingia. Wa Kiwengwa kodi imemshinda, wa Nungwi ana watoto na mume hajulikani yuko wapi. Mimi nilikuwa na pagale langu Fuoni. Kuta zimeshasimama, na bati nimeshanunua kwa pesa za sare za skuli, zimewekwa kwa jirani. Mume wangu akisema tutaezeka kabla ya masika. Masika yakatukuta tunauza bati.

Niliuza zote. Ningeuza nusu nimpe nani, nimwache nani? Kodi ikalipwa, mchele na unga ukapatikana, na nguo za sikukuu za watoto wa Nungwi nilizishona mwenyewe usiku bila ya kutoza hata senti. Nilisemwa! Kila aliyepita Fuoni akaona kuta zinaota majani aliuliza kama nimeshindwa. Mama mkwe alinyamaza, na kunyamaza kwa mama mkwe mnakujua.

Watalii walianza kurudi Juni mwaka uleule, kazi hazikurudi kwa kasi hiyo. Yaliyofuata yanachosha kusimulia. Nilipokwenda kununua bati tena, bei haikuwa ile. Leo nyumba imeezekwa, nalala ndani yake, alhamdulillahi, na sikukopa kwa mtu.

Wa Kiwengwa alinirudishia kidogo kidogo mpaka nikamwambia basi, inatosha. Wa Nungwi amefungua duka la vipodozi Darajani, zuri hasa, ana wasichana wanamuuzia. Nikipita ananiita “mteja wangu”. Mteja! Simdai, wala sikumpa kwa deni. Nasema tu.

Sasa wewe wa Wete. Cherehani usiiguse. Ukiuza kinachokulisha, mwezi ujao mtakuwa wawili wa kusaidiwa. Bati zangu hazikuwa zikinilisha, zilikuwa zikinisubiri. Mikarafuu ikodishe, lakini msimu mmoja tu, kwa maandishi na mashahidi. Wakodishaji wanajua kuja wakati mtu ana shida, miti haijaonyesha kitu, wakakutajia bei ya kukuonea. Karafuu mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake na bei ya kilo inatangazwa, kwa hiyo hesabu haina siri. Mwite mzee anayejua kukisia mavuno aitazame miti, toa ujira wa wachumaji na gharama za kuanika, ndipo utaje bei yako.

Pesa nazo usimpe shoga yako zote mkononi. Mtu wa Pemba akiuguza Unguja, mara nyingi kinachommaliza ni nauli ya boti, chakula cha anayeuguza na pahala pa kulala. Lipa hayo moja kwa moja. Watoto wake wachukue wewe, wale kwako.

Na kabla hujatoa, amua: ni deni au ni sadaka? Suratul Baqara imeshatumalizia. Deni liandikwe, aya ya 282. Mdaiwa mwenye dhiki angojewe, aya ya 280. Sadaka isiharibiwe kwa masimango, aya ya 264. Zote sura moja, udhuru hatuna. Lakini siku hizi mtu akitoa kiroba cha mchele, simu imeshawashwa zamani, mpokeaji anapigwa picha kabla hajasema ahsante. Bibi zetu walikuwa wakipeleka sahani usiku, imefunikwa kawa, na mtoto aliyetumwa anakanywa asiseme imetoka wapi. Tumeyaacha wapi hayo? Na nyinyi mnaopokea, mkifunguliwa riziki msiwafanye wageni waliowashika mkono. Hodi ya jioni haina gharama. Kuuliza “umeamkaje” hakuli mtaji wa duka.

Nasikia wa Nungwi anaoza binti yake mkubwa mfungo sita, na sare za arusi zinashonwa kwa fundi mwengine. Sawa. Mwaliko bado haujanifika.