Ukitafiti kipato cha kaya, usimhoji baba peke yake

Nilianza kazi ya kujaza madodoso kwenye vijiji vya juu vya Rungwe, upande wa Isyonje, msimu wa kuvuna viazi. Nilikuwa nafika, naulizia mkuu wa kaya, naanza. Mzee mmoja nilimwuliza mkewe anafanya kazi gani. "Huyo yuko nyumbani tu." Nikaandika: hana kazi.

Baadaye niliingia jikoni kuomba maji. Nyuma ya mlango kulikuwa na mistari ya mkaa, imepangwa tanotano. Mama akaniambia kila mstari ni lita moja ya maziwa aliyokopesha majirani. Sare za watoto, madaftari na sukari vilitoka kwenye mistari ile. Kwenye dodoso langu havikuwepo kabisa, na lilikuwa kosa langu, si la mzee.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda uwandani, hoji mume na mke kila mmoja peke yake. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, posho ya watoto iliacha kupitia kwenye mshahara wa baba, ikawa analipwa mama. Wachumi Lundberg, Pollak na Wales, kwenye utafiti wao wa 1997, walikuta matumizi ya nguo za wanawake na watoto yamepanda kuliko ya nguo za wanaume. Ukiuliza tu "kaya inapata kiasi gani", jambo kama hilo hutaliona.

Swali la kipato cha mwaka liache. Mkulima hana mshahara. Uliza mara ya mwisho mliuza gunia ngapi, lumbesa au la kawaida, na nani alipokea pesa.

Habari za kikoba usiziulize mbele ya mume, tafadhali sana. Nimeshuhudia jibu moja likazua ugomvi kabla sijafunga dodoso, nami nikapanda bodaboda nikaondoka, mke akabaki nao.

Na neno "kazi" lifafanue mapema. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi waliokutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani walikubaliana kwamba kuzalisha kwa matumizi ya nyumbani nako ni kazi, hata kama si ajira.

Nilirudi kwa yule mama. Tukahesabu mistari pamoja, ikafika 31. Akachungulia karatasi yangu.

"Na kuni, mwanangu, umeziandika wapi?"

Sikuwa na sehemu ya kuni.