Maswali ya Wasomaji: Rekodi ya Twiga Stars Ihesabiwe Vipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, pamoja na salamu, naomba utuamulie ubishi wa kijiweni kwetu. Mwenzetu mmoja anasema Twiga Stars walitwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mara mbili, mwaka 2016 na 2018. Wa pili anakataa, anasema vikombe hivyo ni vya Kilimanjaro Queens. Wa tatu anataka tuongeze na mechi za Kombe la Dunia la 2022. Nani yuko sahihi? — *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ndugu yetu wa Morogoro, wenzako wawili wa kwanza wote wana hoja, na ndiyo maana ubishi huu hauishi. Twiga Stars ni timu ya wanawake ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nayo ndiyo inayoshindana katika michuano ya CAF, yaani shirikisho la soka la Afrika, na ya FIFA, shirikisho la dunia. Katika mashindano ya CECAFA, yaani baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, ambako Zanzibar huweza kuingia na timu yake yenyewe, Bara ilicheza kwa jina la Kilimanjaro Queens, kama ambavyo kwa wanaume Kilimanjaro Stars si Taifa Stars ingawa nyuso nyingi ni zilezile. Kilimanjaro Queens ndio waliowafunga Kenya mabao 2-1 katika fainali ya mwaka 2016 mjini Jinja, Uganda, na ndio waliotwaa tena ubingwa mwaka 2018 mjini Kigali, katika mashindano yaliyochezwa kwa mtindo wa ligi. Mwaka 2019 walifika fainali nyumbani, Dar es Salaam, wakafungwa na Kenya mabao 2-0.

Baadhi ya waweka kumbukumbu huziunganisha mechi hizo na za Twiga Stars, wengine huzitenga, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya orodha mbili za timu moja zitofautiane idadi ya ushindi bila yeyote kuwa amedanganya. Kwa maoni yangu zinastahili kuandikwa katika daftari moja lakini chini ya kichwa chake. Anayezichanganya anaipa Bara na Muungano jina moja, ilhali binti wa Kizanzibari anaweza kuitwa Twiga Stars, na mwaka 2016 Zanzibar walikuwa Jinja kama timu nyingine kabisa. Anayezifuta naye anawanyang'anya wachezaji wale jasho lao, jambo ambalo mimi siwezi kulikubali.

Mwenzenu wa tatu ndiye aliyekosea. Kombe la Dunia lililochezwa India mwaka 2022 lilikuwa la wasichana wenye umri chini ya miaka 17, na Tanzania iliwakilishwa na Serengeti Girls. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakaishia robo fainali mbele ya Colombia. Ni fahari kubwa, kwa kuwa hakuna timu ya taifa letu ya mpira wa miguu iliyowahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA kabla yao, lakini rekodi ya timu ya wakubwa haibebi mechi za vijana.

SWALI: Je, ubingwa wa Zanzibar wa mwaka 1986 unaingia wapi? — *Msomaji, Unguja*

JIBU: Unaingia katika historia ya Zanzibar, tena ukurasa wa kwanza, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa mashindano ya kwanza ya wanawake ya ukanda huu, na yalikaa miaka 30 bila kurudiwa hadi hayo ya Jinja. Hauingii katika rekodi ya Twiga Stars. Wala FIFA haiuhesabu, kwa kuwa mechi kamili ya kimataifa kwake ni ile ya timu za kwanza za wanachama wake wawili, na Zanzibar si mwanachama. Hata uanachama wa CAF iliupata Machi 2017 ukaondolewa Julai mwaka huohuo.

SWALI: Timu ikishinda kwa matuta, tuandike ushindi au sare? — *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Andika sare, kisha taja kando nani alisonga mbele. Sheria za mchezo zinasema mikwaju ya kuamua mshindi si sehemu ya mechi yenyewe. Nusu fainali ya Morocco na Nigeria katika fainali za Afrika za wanawake, Julai 2022, ilikwisha 1-1. Morocco ilipita kwa mikwaju 5-4, lakini katika rekodi hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa.

Kuwa mwangalifu, hata hivyo, na mechi za nyumbani na ugenini. Septemba 2023, katika kuwania kufuzu fainali za Afrika, Twiga Stars walifungwa 2-0 na Côte d'Ivoire ugenini, wakashinda 2-0 katika marudiano, ndipo wakapita kwa matuta. Wapo wanaoiandika mechi hiyo ya marudiano kuwa sare kwa sababu tu ilifika kwenye matuta, na wanakosea: dakika zilikwisha Tanzania ikiwa mbele kwa mabao 2-0. Huo ni ushindi kamili, na mechi ya kwanza ni kipigo kamili. Vivyo hivyo dhidi ya Togo katika raundi iliyofuata, ambako walishinda 3-0 nyumbani na kufungwa 2-0 ugenini: kufuzu ni kumoja, lakini katika rekodi kuna ushindi mmoja na kipigo kimoja.

SWALI: Tumeshiriki fainali za Afrika mara mbili na mara zote tumeishia makundi. Kuna maendeleo kweli? — *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Yapo, na bahati nzuri yanapimika, kwa sababu mara zote mbili tulipangwa kundi moja na Afrika Kusini na Mali. Mwaka 2010, tukiongozwa na kocha Charles Boniface Mkwasa, tulifungwa 2-1 na Afrika Kusini waliokuwa wenyeji, 3-2 na Mali, kisha 3-0 na Nigeria. Mechi tatu, hakuna pointi. Tulirudi Julai 2025 nchini Morocco, tukafungwa 1-0 na Mali, tukatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, tukamaliza kwa kufungwa 4-1 na Ghana.

Ile sare naipa uzito mkubwa. Afrika Kusini walikuja wakiwa mabingwa watetezi, na nahodha wetu Opa Clement ndiye aliyetangulia kufunga katika kipindi cha kwanza, kabla Bambanani Mbane hajasawazisha. Ni pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia ya fainali hizo.

Lakini jumla ya mabao inadai tuseme na upande wa pili. Mwaka 2010 tulifunga matatu tukafungwa manane. Mwaka 2025 tulifunga mawili tukafungwa sita. Ulinzi umekaza, ushambuliaji haujaongezeka, na kwa macho yangu mechi ya Mali ndiyo inayoonyesha hivyo waziwazi zaidi: 2010 tuliwafunga mabao mawili tukapoteza, 2025 hatukupata hata moja. Usisahau pia ubingwa wa COSAFA, mashindano ya kusini mwa Afrika, wa Oktoba 2021 nchini Afrika Kusini, tulikoalikwa kama wageni tukaifunga Malawi 1-0 katika fainali, wala ubingwa wa CECAFA wa Juni 2025 uliopatikana Dar es Salaam majuma machache kabla ya safari ya Morocco. Tiketi ya fainali za 2026 nayo imepatikana. Tulisubiri miaka 15 kati ya fainali za kwanza na za pili.