Re: Kichwa peke yake kinaweza kuonyesha urefu wa mtu?

Mkuu, umeuliza kama kikipatikana kichwa tu bila mwili wataalamu wanaweza kujua marehemu alikuwa mrefu kiasi gani. Kukadiria wanaweza, ila usitegemee namba ya uhakika. Wanapima kuanzia katikati ya nyusi mpaka pale kisogo kilipotokeza zaidi, upana juu ya masikio, mzunguko wa kichwa, na uso toka mzizi wa pua hadi chini ya kidevu, afu vipimo vinaingia kwenye fomula ya rigresheni (yaani hesabu ya kukadiria kipimo kimoja kutokana na kingine) iliyotengenezwa kwa kupima watu wengi wa jamii hiyo hiyo.

Sasa shida ni kwamba kichwa hakikui sambamba na mwili, mtoto wa miaka 6 kichwa chake kishakaribia saizi ya mtu mzima wakati miguu bado kabisa, kwa hiyo watu wawili wenye vichwa sawa wanaweza kupishana hata sm 20 kwa urefu. Mfupa wa paja ndo unaaminika, fomula zake za 1952 za watafiti wa Marekani Trotter na Gleser zinakosea kama sm 3 hadi 4 hivi, kichwa kinakosea zaidi ya hapo. Na fomula ya wanaume usiitumie kwa mwanamke, wala ya watu walio hai kwa fuvu kavu maana ngozi na nyama hazipo tena. Ukipata mguu au hata kiganja, anza na hivyo, kichwa kiwe chaguo la mwisho.