Filamu ya msongo haikusema "tulia"

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama filamu za hali halisi kuhusu msongo wa mawazo na afya zinamsaidia mtazamaji au zinamtia hofu tu. Nitajibu kwa kutumia ile ninayoifahamu vizuri, "Stress: Portrait of a Killer", iliyotolewa mwaka 2008 na National Geographic kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Stanford. Kila nikisikia watu wakiijadili, huwa wamegawanyika. Wapo walioingiwa na woga: wameambiwa msongo huharibu mishipa ya moyo, hudhoofisha kumbukumbu na kurundika mafuta tumboni, basi sasa wanawaza kwa sababu wanawaza. Wengine wametoka na maazimio: kuanzia kesho nitavuta pumzi taratibu, nitalala mapema, sitanuna tena. Kwa maoni yangu, wote hao wamekumbuka yale yaliyo rahisi kukumbukwa.

Sehemu kubwa ya filamu ile haihusu kuwa na shughuli nyingi. Inahusu cheo. Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Stanford, alianza kuwafuatilia nyani wa Masai Mara, Kenya, miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, akiwadunga dawa ya usingizi kwa mshale na kuwapima damu. Nyani hao hushiba kwa saa chache, na muda unaobaki huutumia kusumbuana. Dume aliyechapwa humgeukia wa chini yake, naye humtafuta wa chini zaidi. Katika kundi ambalo vyeo vimetulia, madume wa chini walikuwa na kotisoli, homoni ya msongo, nyingi hata wakiwa wamekaa tu, hakuna anayewagusa. Mwili ulikuwa ukingoja kipigo.

Kisha tunapelekwa London, kwa mtafiti wa afya Michael Marmot na watumishi wa serikali wa Whitehall, mtaa wa ofisi za serikali, na hapa ndipo ningependa kila mtazamaji atulie kidogo. Utafiti wa kwanza ulianza mwaka 1967 na ulihusisha wanaume wapatao 18,000. Wa pili, ulioanza mwaka 1985, ukaingiza na wanawake. Hawa si mafukara. Wana ajira ya uhakika, mshahara unaingia, na wote wana haki ya kutibiwa na huduma ileile ya afya ya taifa. Hata hivyo vifo vilishuka ngazi kwa ngazi kadiri cheo kilivyopanda, na watu wa ngazi ya mwisho, kama matarishi na mabawabu, walikuwa wakifa kwa takriban mara tatu ya wakuu. Sigara, presha na kolesteroli vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili ulipochunguza magonjwa ya moyo, jambo mojawapo lililojitokeza lilikuwa mamlaka ya mtu juu ya kazi yake mwenyewe: aianze lini, aifanyeje, apumzike saa ngapi. Tumezoea kuamini kwamba bosi ndiye mwenye presha, maana simu zake haziishi kulia. Takwimu za Whitehall zinamwonyesha aliyeketi mlangoni.

Wanaoibeza filamu husema sisi si nyani. Hoja yao naipokea nusu. Mwaka 2011, miaka mitatu baada ya filamu, jarida la Science lilichapisha utafiti wa nyani madume 125 wa Amboseli, Kenya hiyohiyo, waliofuatiliwa kwa miaka tisa. Kwa ujumla waliokuwa juu walikuwa na nafuu, isipokuwa dume mkuu mwenyewe: homoni zake za msongo zilikuwa juu sana, zikizidi kwa mbali za yule wa pili wake. Kumbe kileleni nako kuna gharama zake. Filamu haingeweza kulijua hilo, lakini anayeitazama leo asiichukue kana kwamba ndiyo kauli ya mwisho.

Kuna pia kipande cha telomea, zile ncha zinazolinda kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli), kinachosema kwamba msongo huzifupisha na hivyo huwatisha sana akina mama. Utafiti wenyewe, wa Elissa Epel na Elizabeth Blackburn, ulitoka mwaka 2004 na ulihusu wanawake 58 tu, wengi wao wakilea watoto wenye maradhi ya muda mrefu. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila haitoshi kumfanya mama aanze kuhesabu miaka aliyopunguziwa. (Nobeli aliyopata Blackburn mwaka 2009 ilitokana na ugunduzi wa jinsi telomea zinavyolinda kromosomu, si utafiti huu.)

Kwa hiyo, hofu au msaada? Kwangu jibu limo katika kisa ambacho watazamaji wengi hukiona kama kituko cha wanyama. Miaka ya 1980, kundi moja la Sapolsky lilipoteza karibu nusu ya madume wake. Wakorofi ndio waliokuwa wakienda kupigania mabaki kwenye jaa la hoteli ya watalii, wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Wakabaki majike na madume wapole. Uonevu ukapungua, kuchambuana manyoya kukaongezeka, na madume wa chini hawakuwa tena na dalili za msongo kama za wenzao kwingine. Miaka kumi hivi baadaye, madume wote waliokuwamo walikuwa wahamiaji kutoka makundi mengine, na bado waliishi kwa mtindo uleule. Hakuna nyani aliyefundishwa kuvuta pumzi. Kilichobadilika ni namna walivyotendeana.

Ndiyo maana inanishangaza filamu hii inapoonyeshwa kwenye semina za wafanyakazi wa kawaida, huku mkuu akifungua kikao kwa hotuba fupi kisha akiaga kwamba ana mkutano mwingine. Wa kuonyeshwa kwanza ni yeye, pamoja na wanaopanga zamu, na wale wanaomlazimisha mtu mzima kuomba ruhusa kwa jambo ambalo angeliamua mwenyewe. Mfanyakazi wa chini atajifunza kuvuta pumzi, sikatai, lakini ratiba ya Jumatatu ataikuta imeshabandikwa ukutani bila yeye kuulizwa.