Nilivyochemka nikipanga upya memori kwenye draiva ya kerneli

Kuna draiva moja (programu inayoendesha kifaa ikiwa ndani ya kerneli, yaani moyo wa Linux) ya kadi ya PCIe ya kunasa data niliirithi kazini, jamaa aliyeiandika kashaondoka zamani, na fanksheni ya kupokea bafa (kipande cha memori) ya mtumiaji ilikuwa mistari karibu mia mbili, humohumo kuna kmalloc ya kuomba memori ya kerneli, kuna get_user_pages_fast ya kushikilia peji za mtumiaji, kuna DMA (kadi kusoma na kuandika memori yenyewe bila kupitia CPU), na goto za kurukaruka zinapenya kama bodaboda kwenye foleni. Nikasema wikiendi moja tu naisafisha yote. Aisee. Ilinila wiki tatu, na mbili kati ya hizo nilikuwa nawinda makosa niliyoyaingiza mwenyewe.

Kosa la kwanza hata sio la pini, yaani kushikilia peji zisihamishwe. Draiva ilikuwa inatengeneza safu ya pointa (anwani) za peji, yaani vipande vya memori, kwa kmalloc, na kmalloc inataka peji zinazofuatana kwenye memori halisi. Piga hesabu: bafa ya gigabaiti 1 ni peji 262,144 za baiti 4096, kila pointa ni baiti 8, kwahiyo safu peke yake inakula megabaiti 2, yaani peji 512 mfululizo bila pengo. Mashine iliyowashwa asubuhi inakupa, ila ikikaa mwezi haijazimwa memori inakuwa imeshakatikakatika, unarudishiwa ENOMEM (ero ya memori haitoshi) na huku ukiangalia unaona gigabaiti kibao ziko wazi. Dawa ni kvmalloc_array, inajaribu kwa kmalloc kwanza, ikikosa inaenda vmalloc inayokubali peji zilizotawanyika, halafu inakagua kabisa kama kuzidisha idadi kwa ukubwa kumefurika. Nikabadilisha, nikatesti, safi, nikakomiti (nikahifadhi badiliko).

Kumbe njia moja ya ero nimeiacha na kfree, isiyoweza kuachia memori ya vmalloc, wakati ilitakiwa kvfree inayoachia zote mbili.

Sasa ona uchawi wake. Testi yangu ilikuwa inatumia bafa ya megabaiti 2, ambayo ni pointa 512, baiti 4096 kamili, peji moja, na kvmalloc ukiiomba kitu kisichozidi peji moja haiendi vmalloc kamwe. Yaani ningeirudia ile testi mara elfu nisingeona kitu. Sava ya mteja iliyokuwa haijazimwa siku nyingi ndo ikanikamatia, saa nane usiku, simu inaita. Tangu hapo nikihamia familia ya kv nafanya vitu viwili: natafuta kwa grep kila kfree inayogusa ile pointa, halafu kwa muda naweka vmalloc tupu pale juu na kuendesha testi zote hivohivo, kfree yoyote iliyojificha ambayo testi inaipitia inajitokeza yenyewe. Ukimaliza unarudisha kvmalloc_array.

Haya, pini. Tangu Linux 5.6 ya mwaka 2020 kuna pin_user_pages na ndugu zake, na kama kifaa chako kinasoma au kuandika ndani ya peji za mtumiaji kwa DMA basi tumia hizo, achana na zile za get_user_pages. Watu wanadhani ni kubadilisha jina tu, hata mi nilidhani. Get inaongeza 1 kwenye hesabu ya wanaoishikilia peji, ila pin kwenye peji ndogo ya kawaida inaongeza 1024, ili kerneli ikiitazama ile hesabu ijue hii huenda imepigwa pini. Sasa ukipiga pini halafu ukaachia kwa put_page ya zamani umetoa 1, zimebaki 1023 zinaning'inia, hiyo peji huioni tena mpaka uributi. Ukifanya kinyume ndo mbaya zaidi, umetoa 1024 kwenye kitu ulichoongeza 1. Ndo maana sahivi sichanganyi komiti: usafi wa kmalloc una komiti yake, get kwenda pin ina komiti yake na maachio yote yanabadilika humohumo, na kuhamisha kodi (ya kompyuta, sio ya TRA) kwenda fanksheni ndogondogo ni komiti nyingine isiyobadilisha tabia yoyote.

Kingine kilichonichoma: pin_user_pages_fast inaweza kukupa pungufu. Umeomba 256, inarudisha 100, na hiyo 100 sio ero. Kodi niliyoirithi ikiona hazijafika 256 inaruka kwenye lebo ya kusafisha na kuachia zote 256, wakati zile 156 za mwisho ni takataka iliyokuwepo kwenye memori, na mi nilivyoigawa fanksheni nikalihamisha kosa vilevile na kulipa nyumba mpya. Namba iliyorudi iweke kwenye kigeu chake, ikiwa hasi ifanye sifuri, achia hiyohiyo basi.

Zilizobaki haraka haraka. Kifaa kinaandika kwenye bafa? Weka bendera ya FOLL_WRITE. Bafa inakaa mpaka mtumiaji afunge? FOLL_LONGTERM. Unapong'oa pini za peji zilizoandikwa tumia unpin_user_pages_dirty_lock na umpe true, la sivyo kama ile memori ni ya faili data inaweza kupotea kimyakimya, ila usiiite ndani ya interapti (pale kifaa kinapoikatiza CPU) maana inaweza kulala, isukume kwenye foleni ya kazi. Na simamisha DMA kwanza, ondoa mapu ya DMA, ndo ung'oe pini, usije ukaachia peji huku kadi bado inaimwagia data.

Siku nilipoona nimemaliza nikaenda kwenye /proc/vmstat, faili la takwimu za memori, kuna nr_foll_pin_acquired (pini zilizopigwa) na nr_foll_pin_released (zilizong'olewa), nikaziandika zote mbili kwenye mashine iliyotulia isiyo na kazi nyingine, nikaanzisha testi, nikaiua katikati kwa kill -9, nikaitoa draiva, nikasoma tena. Zilizopigwa zilizizidi zilizong'olewa kwa 256. Bafa moja nzima, njia ya kufunga ghafla ilikuwa haiachii kitu chochote, na nadhani haijawahi kuachia tangu jamaa aliyeondoka alipoiandika.