Kalori nyingi, begi jepesi: maswali yenu kuhusu chakula cha safari za miguu

Maswali ya chakula cha kubeba mgongoni yamekuwa mengi, nayajibu hapa yale yanayojirudia.

Mkuu, tunaenda kupanda mlima siku tatu na sijawahi. Nibebe chakula kiasi gani?

Mtu mzima anayetembea kutwa na begi mgongoni mhesabie kalori 2,500 mpaka 4,000 kwa siku, inategemea mwili wake, mlima wenyewe na baridi. Ukichagua vizuri hizo zote zinaingia kwenye gramu 600 hadi 900, yani siku tatu hata kilo tatu hazifiki. Soma lebo pale palipoandikwa kalori kwa gramu 100. Kuanzia 400 kinafaa, 500 kwenda juu ndo chenyewe. Karanga, korosho na lozi zinacheza karibu na 600, siagi ya karanga hapohapo, chokoleti 500 na kitu, maziwa ya unga ambayo hayajatolewa mafuta karibu 500, tambi kavu 350 hivi. Tofaa bichi? 50 tu, manake karibu lote ni maji, na maji yale unayapandisha mlima wewe.

Kama mafuta ndo yana kalori nyingi, si nijaze karanga tu nimalize?

Hapa ndo wengi wanateseka bure. Kweli gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9 wakati wanga na protini zinatoa 4, lakini mwili unayachoma mafuta taratibu, na ukiwa kwenye mwinuko mkali moyo unadunda unachohitaji haraka ni wanga. Akiba ya wanga kwenye misuli na ini ni ndogo, ikiisha miguu inakuwa mizito, kichwa kinazunguka, unakuwa na hasira na kila mtu, na tumbo limejaa karanga! Kwa hiyo mchana tafuna tende, zabibu kavu, biskuti, kidogo kidogo kila baada ya saa moja hivi hata kama njaa haijauma. Mafuta mengi yaweke jioni, mmeshasimamisha hema, mwili una muda wa kuyasaga. Beba mafuta ya kupikia kwenye kichupa kinachofungwa vizuri, kijiko kimoja kikubwa ndani ya tambi kinaongeza kalori kama 120 na wala huonji tofauti.

Vya kopo je?

Hapana, labda safari ya usiku mmoja. Unabeba maji, unabeba bati, afu kopo tupu unarudi nalo maana huliachi porini.

Sitaki kubeba jiko wala gesi. Nitakula nini?

Inawezekana kabisa. Tafuta vitu ambavyo kiwandani vimeshapikwa au kupitishwa kwenye mvuke: oti, kuskusi, tambi za haraka, viazi vya unga. Weka kwenye chombo chenye mfuniko, mimina maji safi ya baridi, funga, endelea kutembea, nusu saa mpaka saa moja baadae unakula. Ila tafadhali sana, maharage makavu usijaribu hii njia, hasa yale mekundu, yana sumu inayoharibika kwa kuchemshwa sawasawa tu na yatakutapisha vibaya. Hata ukiwa na jiko, kwenye mita 3,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100, maharage yatakumalizia gesi yote na bado magumu. Yaache nyumbani.

Nikifika juu hamu ya kula inakata kabisa, nafanyaje dada?

Mwinuko unafanya hivyo kwa watu wengi, na ndo wakati mwili unataka kalori zaidi. Usijilazimishe sahani kubwa, kula kidogo mara nyingi, na uwe na ladha tofauti, kitamu, chenye chumvi, kichachu, kwa sababu kitu kimoja utakikinai siku ya pili tu. Supu ya moto au maziwa ya unga yenye sukari vinapita koo likiwa limegoma. Na chakula kipya kionje nyumbani kwanza, kalori ulizoshindwa kuzimeza ni mzigo tu. Ila kama unatapika na kichwa kinauma sana hiyo sio habari ya chakula tena, usiendelee kupanda, shukeni.

Tunakoenda hakuna maji njiani. Vyakula vilivyokaushwa bado vina faida?

Faida inapungua sana. Kile kinachorudishiwa maji kitayadai kwenye chupa yako mwenyewe na lita moja ni kilo moja. Hapo chagua vinavyoliwa vilivyo: lozi, tende, siagi ya karanga na biskuti ngumu, jibini gumu kama hakuna joto kali. Hata samaki wa mafuta aliyefungwa kwenye pakiti laini namruhusu, huyo hakuombi maji ya kupikia. Punguza tu vyenye chumvi kali, kiu yake utailipia kwenye maji hayohayo machache.