Chekechea ndani ya chuo: tuanzie wapi?

SWALI: Chuo cha Qur'ani cha msikiti wetu hukaa kitupu kila asubuhi. Tunataka kufungua chekechea humo. Wapo wanaosema tutafute kwanza mfadhili atujengee madarasa. Wengine wanahofia watoto wataacha kuhifadhi juzuu. Mwatushauri nini? – Msomaji, Kwale

JIBU: Hofu ya juzuu si ngeni Pwani. Miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Mombasa walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, msaada, kwa kuwa watoto wao walikuwa wakibaki nyuma shuleni. Suluhisho halikuwa kuwatoa chuoni. Bi Swafiya Said alianza kuwafunza ualimu akina dada wa mitaa hiyo hiyo, na dini, Kiswahili na michezo vikaingia ratiba moja. Mpango huo wa chekechea za madrasa ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda 1993. Dua kabla ya uji, wimbo wa alifu-be-te, kisha kuhesabu vifuu: mtoto wa miaka minne haoni mpaka kati ya dini na masomo.

Jengo mnalo, kwa hiyo mfadhili wa matofali asubiri kwanza. Undeni kamati ya chekechea yenyewe, na akina mama wawemo. Wao ndio wajuao nani hajalipa na kwa nini. Akaunti iwe yake, yenye watia saini watatu. Pesa zikichanganywa na sadaka za Ijumaa, siku paa la msikiti likivuja, mshahara wa mwalimu ndio utakaoliziba.

Tuseme mna watoto 30, kila mmoja Sh500 kwa mwezi. Hizo ni Sh15,000 za daftarini. Pangeni kwa walipaji 20, yaani Sh10,000, na msimwahidi mwalimu zaidi ya hapo. Shule nyingi za jumuiya hufia hapa: aliyefunzwa vizuri akikosa mshahara miezi miwili, huhamia penye kulipa. Mpango wa Mombasa uliziba pengo hilo kwa mfuko: jumuiya ilichanga, mradi ukaongeza, fedha zikawekezwa, ikaliwa faida tu. Ni wakfu ule ule tuujuao.

Vifaa msinunue vingi. Kifuu kisuguliwe kwa msasa hadi ukingo usikwaruze, kisha mtoto apime maji: vifuu vingapi vyajaza kopo? Kokoto ziwe kubwa zisizomezeka.

Usajili uko kwa kaunti, na afisa wa afya atataka kuona choo. Tundu la choo cha watu wazima lipunguzwe, la sivyo wadogo wataogopa kutumbukia na watajisaidia nyuma ya ukuta.